Shahada ya Hali ya Hewa kwa Kijana wa Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili, Kuanzia Skuli Hadi Ajira

Niseme mapema ili asiyependa aishie hapa hapa: shahada ya hali ya hewa ni shahada ya hesabu na fizikia. Mawingu, ramani na picha za satelaiti zimo, tena nyingi, lakini zote zimekaa juu ya kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko. Wapo vijana wanaoingia wakidhani ni jiografia iliyoongezwa picha, na mwaka wa kwanza unawatoa jasho.

Asiyeogopa hesabu, basi, ana sababu nzuri ya kuisomea akiwa mtoto wa visiwani. Kwetu hali ya hewa ndiyo inayoamua boti itoke au ilale bandarini Malindi, karafuu zikauke au ziingie ukungu juu ya jamvi, mpunga wa Cheju upandwe lini, na kama barabara ya Mwanakwerekwe itapitika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na mpaka leo karafuu nyingi zatoka huko. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na huku boti za Dar es Salaam zikasimamishwa mpaka bahari itulie. Nchi yenye historia hiyo inahitaji wataalamu wake.

Hatua ya 1: Anza kidato cha tatu

Mlango wa kozi hii ni Fizikia na Hisabati. Ukifika pahala pa kuchagua masomo usikubali kuiacha Fizikia, hata kama skuli yako haina mwalimu wa kudumu. Tafuta tuisheni, au mtafute kaka au dada aliyesoma sayansi skuli ya Lumumba au ya Fidel Castro akae na wewe siku za mapumziko.

Kwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ndio unaofungua milango mingi, maana ukibadili mawazo bado uhandisi upo. PGM, ambao una Jiografia badala ya Kemia, naupenda zaidi kwa mtu aliyekwisha amua, kwa sababu anafika chuoni akiwa anaijua mizunguko ya hewa ya dunia japo kwa maneno. EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, una Hisabati bila Fizikia, na hapo ndipo wengi wanapokwama. PCB, wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, wana ile hisabati ndogo ya ziada iitwayo BAM. Usiitegemee ikubebe kwenye kozi hii.

Alama zako za kidato cha sita hugeuzwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa anayeingia chuo kikuu moja kwa moja ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Hicho ni kizingiti cha nchi nzima. Juu yake kila kozi huweka masharti yake, masomo gani na kwa alama gani, na yote huchapishwa kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU kila mwaka. Soma cha mwaka wako. Cha kaka yako cha miaka mitatu nyuma kishapitwa.

Hatua ya 2: Chagua njia

Njia ya karibu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ambako shahada ya sayansi katika hali ya hewa hufundishwa chini ya idara ya fizikia kwa miaka 3. Ukaribu una maana yake: unavuka kwa boti, na unarudi nyumbani sikukuu.

Njia ya pili ni ndefu, lakini watu huidharau bure. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina chuo chake Kigoma kinachotoa astashahada na stashahada. Aliyepita Kigoma anafika chuo kikuu akiwa ameshasoma vipimajoto, ameshachora ramani kwa mkono na anajua zamu ya usiku ilivyo, wakati mwenzake wa PCM hajawahi kukigusa kipima mvua. Kwa kijana ambaye matokeo yake ya kidato cha sita hayakukaa vizuri, au aliyetokea kidato cha nne moja kwa moja, hii ni njia ya heshima. Mwenye stashahada hutakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0 ili aombe shahada, kwa hivyo usiende Kigoma kupumzika.

Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina jina la muda mrefu kwenye fani hii. Shahada yake ni ya miaka 4, na mji huo ndio uliokuwa makao ya idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Makerere nako ipo. Ukipata ufadhili wa China, chuo cha Nanjing kinachojikita kwenye sayansi ya taarifa na teknolojia kilianzia kwenye hali ya hewa na kimefundisha Waafrika wengi. Kokote uendako uliza swali moja: je, kozi inatimiza kile kifurushi cha mafunzo ya msingi cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, kinachoitwa BIP-M? Hicho ndicho kinachomtenganisha mtaalamu kamili na fundi wa vipimo, na utabiri wa usafiri wa anga unakidai. Cheti kizuri kisichokitimiza kitakusumbua siku ya kuomba kazi kiwanja cha ndege.

Kuna na asiyeweza kuondoka Unguja, kwa mzee wa kuuguza au watoto. Huyo asikate tamaa. WMO hukubali pia mtu aliyechukua shahada ya fizikia au hisabati kisha akasoma hali ya hewa kwa shahada ya juu. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wana shahada ya ualimu wa sayansi yenye Fizikia na Hisabati. Tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa Bweleo mwaka 2023 linafundisha sayansi ya data, ujuzi ambao utabiri wa siku hizi unautegemea kweli kweli. Na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Buyu kwa atakayetaka kuendelea na upande wa bahari.

Hatua ya 3: Makaratasi na fedha

Hapa sitakaa sana, ila watu hukwama kwa vitu vidogo. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita na Zan ID lazima lisomeke sawasawa. Kama moja limeandikwa Khamis na jingine Hamis, lishughulikie kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja kwa mtandao, kwa awamu. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, na usipothibitisha kwa wakati nafasi huenda kwa mwingine.

Mkopo una milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Soma masharti ya zote mbili kabla hujaamua, na usipange kulipiwa kitu kimoja kote kuwili. Kwa bodi ya Tanzania, mzaliwa wa Zanzibar huhakiki cheti chake cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, si RITA, wakala wa usajili wa Bara. Hilo nalitaja kwa sababu kuna watu huvuka bahari kwenda kupanga foleni isiyowahusu. Weka akiba ya wiki za mwanzo pia. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, halifiki siku unayoripoti.

Hatua ya 4: Mwaka wa kwanza ni wa hesabu, ukubali

Utakutana na kalkulasi, vekta, milinganyo yenye viwango vya mabadiliko, takwimu, mekanika na thamodinamiki, yaani fizikia ya joto. Hali ya hewa yenyewe itaonekana kwa mbali. Wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio, hapa mara nyingi si wasio na akili. Ni wanaosoma hesabu kwa macho. Hesabu husomwa kwa kalamu. Kaa na kikundi cha watu watatu au wanne, kila mmoja atatue swali peke yake kwanza, ndipo mlinganishe.

Thamodinamiki ndiyo ninayokuomba uipende mapema. Ukishaelewa kwa nini hewa inayopanda hupoa, na kwa nini mvuke unapogeuka maji huachia joto linaloisukuma hewa ile ipande zaidi, umeshaelewa kwa nini mchana wa Machi wingu jeupe juu ya Koani linageuka jeusi kabla ya alasiri. Mengine ni kuhesabu.

Hatua ya 5: Kila somo lirudishe kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta

Huu ndio ushauri mkuu wa mwongozo huu, na ndio wanafunzi wetu wengi hawapewi. Vitabu vingi vya dinamiki ya angahewa, yaani mwendo wa hewa, vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya hali ya hewa ya kwao. Utasoma kurasa nyingi za mipaka ya hewa baridi na joto, theluji, na vimbunga vya latitudo za kati. Mtihani utayauliza, kwa hivyo yasome. Lakini usiamini kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda Chake Chake.

Chukua mfano wa upepo unaolingana na mgandamizo. Kitabu kitakwambia kwamba upepo wa juu hufuata mistari ya mgandamizo sawa, kwa kuwa nguvu ya Coriolis, inayotokana na dunia kuzunguka, hulingana na msukumo wa mgandamizo. Nguvu hiyo hutegemea latitudo. Ukikokotoa kigezo chake kwa Mjini Unguja, kwenye nyuzi 6 na dakika kama 10, unapata karibu 0.0000157 kwa sekunde. Kwa nyuzi 45, kusini mwa Ufaransa, unapata 0.000103. Ya kwao ni zaidi ya mara sita ya yetu.

Sasa weka tofauti ya mgandamizo ya hektopaskali 1 kwa kila kilomita 100, na uzito wa hewa wa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kule Ufaransa fomula inakupa upepo wa mita 8 kwa sekunde, kilomita 29 kwa saa, upepo wa kawaida. Hapa Unguja fomula ile ile inakupa mita 53 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 190 kwa saa! Hakuna nahodha wa Mkoani atakayekubali, na yeye ndiye mwenye haki. Karibu na ikweta ulinganifu ule unavunjika. Upepo unakwenda zaidi kwa msukumo wenyewe, msuguano na joto la bahari. Fanya hesabu hii mwenyewe kabla ya mtihani wa dinamiki na hutaisahau.

Hilo hilo linaeleza habari ya vimbunga. Kimbunga kinahitaji nguvu ya Coriolis ili hewa ianze kuzunguka, na ndani ya nyuzi kama 5 kutoka ikweta ni nadra sana kuzaliwa. Pemba imekaa kwenye mpaka huo hasa, na Unguja iko nje yake kidogo tu. Nadra si kutowezekana, kama 1872 ilivyoonyesha. Mwanafunzi mzuri hufuatilia ramani za kituo cha La Réunion, kinachoangalia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Novemba mpaka Mei, hata kama hakuna mtihani.

Kisha jenga picha ya kwako ya mwaka. Kaskazi kuanzia Disemba, masika Machi hadi Mei, kusi likishika nguvu na kipupwe cha Juni na Julai, matlai pepo zinapobadilika, vuli Oktoba hadi Disemba. Chini ya kila jina weka sababu: ukanda wa makutano ya pepo unaolifuata jua, joto la bahari, na yale mawimbi makubwa ya mvua yanayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60. Vuli isome kwa bidii ya pekee, kwa sababu ndiyo inayofuata El Niño, yaani kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki ya ikweta, na dipoli ya Bahari ya Hindi kwa uwazi. Mvua za vuli za 1997 zilikuja na El Niño kali. Za 2019 zilikuwa kubwa vile vile na El Niño kali haikuwepo. Dipoli ndiyo iliyofanya kazi, bahari ya upande wetu ikiwa na joto na ya upande wa Indonesia ikiwa baridi. Anayesubiri El Niño peke yake angeikosa 2019 yote.

Wazee nao wasikilize. Hesabu ya miongo, ile ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, ilikuwa kalenda ya upepo na kilimo kabla ya satelaiti yoyote, na watu wa Makunduchi bado wanaukoga mwaka kila Julai. Ichukue kama kumbukumbu ya vipimo vya macho vya vizazi vingi: ina taarifa za kweli ndani yake, na ina mambo yanayotakiwa kupimwa upya sasa ambapo misimu inayumba.

Hatua ya 6: Pima mwenyewe kabla chuo hakijakupimisha

Kipima mvua cha nyumbani hakina gharama. Chukua faneli yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 10, ichomeke kwenye chupa ya lita moja na nusu, ifukie chupa kidogo isianguke. Eneo la mdomo ni sentimita za mraba 78.5, kwa hivyo kila milimita moja ya mvua inaingiza mililita 7.85 za maji. Pima maji kwa bomba la sindano la dukani, gawa kwa 7.85, umepata milimita. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwenye chupa yako hiyo ni mililita 393 hivi. Chupa inajaa kwenye milimita 190, na kuna siku za masika utashukuru kwamba hukuchukua ya nusu lita. Iweke mbali na mwembe na paa, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kilicho karibu.

Soma kila siku saa 3 asubuhi. Saa hiyo si ya bahati nasibu: ni saa 06:00 kwa saa za dunia, UTC, mojawapo ya saa nne kuu ambazo vituo vya dunia nzima hupima kwa pamoja. Nyingine kwetu ni saa 9 alasiri, saa 3 usiku na saa 9 usiku. Yenye kuumiza ni hiyo ya mwisho.

Halafu jifunze kusoma taarifa za viwanja vya ndege. Ziko wazi mtandaoni, hutoka mchana na usiku, na zimeandikwa kwa alama fupi. Kiwanja cha Unguja ni HTZA, cha Pemba ni HTPE. Chukua mfano huu niliouunda:

HTZA 150600Z 18012KT 9999 SCT020 29/24 Q1013

Ni tarehe 15, saa 06:00 UTC, yaani saa 3 asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 180, kusini kabisa, kwa noti 12, kama kilomita 22 kwa saa. Kusi hilo limeshaingia. Tarakimu 9999 zina maana mtu anaona kilomita 10 au zaidi. Mawingu yamefunika sehemu 3 au 4 kati ya 8 za anga, kitako chake kikiwa futi 2,000. Joto ni nyuzi 29, na hewa ile ingepozwa mpaka nyuzi 24 umande ungeanza. Kutokana na namba hizo mbili unaweza kukokotoa unyevu: asilimia 75 hivi. Mgandamizo ni hektopaskali 1013. Soma moja kila asubuhi, kisha toka nje uangalie kama anga linakubaliana nayo. Kwa Pemba utapata raha zaidi, maana upande wa magharibi una vilima na mabonde na mvua yake haigawanyiki sawa.

Hatua ya 7: Kompyuta

Mtabiri wa leo asiyejua kuandika programu ni nusu mtabiri. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kuanzia mwaka wa kwanza, hata kama kozi inaileta mwaka wa pili. Kompyuta ya kawaida iliyotumika inatosha. Huhitaji ya bei ya kutisha. Anza na kitu kidogo: ingiza daftari lako la mvua, chora mchoro wa mwezi, tafuta wastani.

Ukimaliza hapo, data za bure zipo nyingi. CHIRPS ina mvua tangu 1981 kwa vipande vya kilomita 5 hivi, imechanganya satelaiti na vipimo vya ardhini. ERA5 ya Ulaya ina karibu kila kitu, upepo, joto, mgandamizo, saa kwa saa kuanzia 1940, kwa vipande vya kilomita 31 hivi. Hapo kuna mtego kwa mtu wa visiwani. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, kwa hivyo ndani ya ERA5 ni vipande vichache tu vya kuhesabu kwa vidole. Pemba ni nyembamba kuliko kipande kimoja. Ukisoma joto la Wete kutoka humo, huenda nusu yake ni joto la bahari ya Mkondo wa Pemba. Usikubali kuandika kwenye ripoti kwamba umepata hali ya hewa ya Wete kabla hujailinganisha na kituo.

Hatua ya 8: Fildi na mradi wa mwisho

Omba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, mapema, kwa barua ya chuo, na jaribu upate nafasi ofisi ya TMA ya Zanzibar iliyopo Kisauni, kiwanja cha ndege, au kituo cha kiwanja cha Pemba. Nenda na daftari lako la vipimo. Usijitie unajua, omba kukaa zamu ya usiku angalau kidogo, kwa sababu ndipo unapoona jinsi taarifa inavyopimwa, kuandikwa na kutumwa bila kuchelewa hata kama mvua imekulowesha.

Data za vituo huombwa rasmi, tena zinachukua muda. Mwanafunzi anayesubiri muhula wa mwisho kuziomba huishia kubadili mada.

Mada nzuri huku kwetu hazihitaji kuazimwa. Ni siku ngapi mfululizo za jua mkulima wa karafuu anazipata kati ya Agosti na Novemba, na zimebadilika vipi? Upepo wa kusi wa Julai hufikia kasi gani kwenye mlango wa Nungwi, na ni saa ngapi za siku? Julai 18, 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali, kwa hivyo swali hilo si la darasani tu. Joto la maji kwenye mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani linapanda miezi gani, wakati wa bamvua ambapo maji hukauka mbali? Chukua moja, ifanye iwe ndogo, uimalize. Mradi unaotaka kueleza mabadiliko ya tabianchi ya Afrika Mashariki nzima kwa kurasa 40 hauelezi chochote.

Hatua ya 9: Jifunze kuyasema kwa Kiswahili

Utafundishwa kwa Kiingereza na utahudumia watu wanaozungumza Kiswahili. Ni kazi ya pekee, na chuo hakina somo lake. Jizoeze kuandika kila utabiri unaousoma kwa lugha ambayo mvuvi wa Mkokotoni ataitumia kabla ya kushusha ngalawa. "Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2" ni sentensi nzuri kwa sababu ina namba. "Hali mbaya ya bahari" haimwambii kitu.

Utabiri wa msimu ndio unaoleta ugomvi. Unaposema masika yatakuwa ya juu ya wastani, maana yake ya kitaalamu ni hii: misimu ya miaka 30 iliyopita imegawanywa mafungu matatu sawa, ya mvua ndogo, ya wastani na kubwa, na fungu kubwa ndilo limepewa nafasi nyingi zaidi. Tuseme limepewa asilimia 45, la wastani 35, na dogo 20. Mkulima wa mpunga akisikia tu "juu ya wastani" atapanda kote. Mvua ikija ndogo atasema mmedanganya, kumbe nafasi ya mvua ndogo ilikuwa moja katika tano, ila hakuna aliyemwambia. Mwambie. Watu wanaelewa bahati nasibu vizuri kuliko tunavyowadhania, hawapendi kufichwa.

Hatua ya 10: Ajira

Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, kwa hivyo TMA inahudumia pande zote mbili na nafasi zake hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Lakini TMA haiwezi kuwaajiri wahitimu wote, na mtu mzima hapangi maisha kwa mlango mmoja. Angalia Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, mamlaka za usafiri baharini na bandari, miradi ya kilimo na maji, kampuni za bima, na za umeme wa jua zinazotaka mtu anayejua mawingu. Aliyeshika Python na takwimu vizuri anaweza kufanya kazi na taasisi za nje akiwa Mwanakwerekwe. Wengine huingia ualimu wa Fizikia na Hisabati, na skuli zetu zina njaa nao. Ila kumbuka ualimu una masharti yake ya mafunzo.

Fungua akaunti yako ya Ajira Portal ukiwa bado mwaka wa tatu, pandisha vyeti vya kidato cha nne na sita, cha kuzaliwa na picha, ubakishe nafasi ya shahada tu. Matangazo hukaa muda mfupi, na intaneti ya siku ya mwisho haina huruma. Majina ya wadhamini wako yaweke matatu, mmoja awe mwalimu aliyekusimamia mradi, na mpigie simu kabla hujamwandika.